Asta nyeupe kwa wenye kivuli nyuma ya nyumba

Wenzangu wa Kisumu, Nakuru na Kakamega mliohamia mashariki ya Marekani: pale chini ya mialoni ambapo nyasi hufa kila mwaka, acheni kumwaga pesa kwenye mbegu za nyasi. Pandeni asta nyeupe ya msituni, Eurybia divaricata. Ni mmea wa asili wa misitu ya huku, milima ya Appalachia ikiwemo. Hufikia sentimita 30 hadi 90, na huchanua Agosti hadi Oktoba, maua mengi yakiwa yameisha.

Nyuki hupata taabu majira hayo. Wale wanene wenye manyoya waitwao bumblebee, ambao kwetu hawapo, kundi lao lote hufa baridi ikiingia. Hubaki malkia wachanga tu, kila mmoja amejificha peke yake udongoni. Asiposhiba vuli, hafiki Aprili.

Kwetu mbegu hungoja mvua ya Machi. Hii hungoja baridi. Imwage Novemba juu ya udongo uliokwaruzwa, uibonyeze kwa kiganja, usiifukie, maana ni ndogo na hutaka mwanga. Au ichanganye na mchanga wenye unyevu, uitie friji (si sehemu ya barafu) wiki nne hadi nane. Ukiitoa mapema mno, zitaota chache. Na msimtumie mama mbegu hizi Kakamega: bila kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, haziruhusiwi, na baridi ya kuziamsha haipo. Mgeni wa kutoka Amerika Kusini, Kisumu inaye tayari ziwani: gugumaji.

Ukinunua miche, chukua midogo. Shimo kubwa hukata mizizi ya mwaloni, nao mche mkubwa hukosa pa kukaa. Mwiko wa bustani unatosha. Acha sentimita 45 kati ya mche na mche. Mwaka wa kwanza mwagilia kila wiki mvua isiponyesha, kwa sababu mwaloni hunywa kwanza. Baadaye mmea utavumilia ukavu wenyewe, na utatambaa.

Samadi hapana, mmea hurefuka na kulala chini. Hata bila samadi, mwanzoni mwa Juni kata nusu ya kimo ili usimame. Majani yakipata ukungu mweupe, punguza msongamano hewa ipite. Sungura hupenda machipukizi, basi zungushia wavu wa kuku.

Mabua makavu yaacheni mpaka Aprili, hata jirani akinung'unika. Ndege hula mbegu zake.