Siku moja maishani mwangu: kapasita, IST na waya wa bodi

Saa 2 asubuhi nafungua kibanda hapa Ilala, Dar es Salaam. Nafunga muziki wa magari: redio, spika, amplifaya, sabufa. Kabla ya bisibisi natoa mita ya kupimia umeme, kwa sababu kazi nyingi ninazoletewa zinaamuliwa na volti.

Saa 3 anaingia kijana na Toyota IST. "Shikamoo fundi." "Marahaba mdogo wangu, inasumbua nini?" Anasema besi ikipiga taa za mbele zinafifia na mwanga wa dashibodi unachezacheza. Kwenye buti kuna sabufa ya inchi 12 na amplifaya ya wati 1,000. Mkononi kashika kapasita mpya ya faradi 1 (faradi ni kipimo cha ukubwa wa kapasita); dukani kaambiwa akiifunga hiyo, tatizo kwisha. Namjibu, "Tutaifunga, ila niache nipime kwanza."

Hapa naomba nieleweke, maana watu wanapoteza hela. Kapasita haizalishi umeme. Ni ndoo ya akiba bafuni: maji yakikatika kidogo inakuokoa, lakini bomba ndilo linaloijaza. Faradi 1 kwenye volti 14 inabeba nishati ya jouli 98 tu. Amplifaya ikivuta wati 1,000 mfululizo, akiba hiyo haifikishi hata sehemu ya kumi ya sekunde. Inasaidia pale besi inapogonga ghafla, basi. Anayeshikilia mzigo ni alteneta (jenereta inayozungushwa na injini), betri na waya.

Saa 4 tunapima. Gari likiwa limezimwa betri inasoma 12.6, injini ikiwaka 14.1. Alteneta haina neno. Nafungulia muziki, naweka mita kwenye amplifaya yenyewe: kila besi ikipiga inashuka hadi 11.6, wakati kule kwenye betri haishuki chini ya 13. Kumbe umeme unapotelea njiani.

Saa 5 nafungua zulia la buti. Waya hasi wa amplifaya umefungwa kwa boliti juu ya rangi ya bodi ya gari, na bodi ndiyo njia ya umeme kurudi kwenye betri. Rangi haipitishi umeme. Kilichokuwa kinapitisha ni nyuzi za boliti peke yake, na kichwa cha waya kimeshaanza kuwa cheusi kwa joto. Napiga msasa mpaka bati linang'aa, nafunga upya kwa nati na washa yenye meno, kisha napaka rangi juu yake ili kutu isiingie. Nakwangua na waya wenyewe kwa kisu: ndani mweupe, yaani alumini iliyopakwa shaba, ambayo haipitishi umeme vizuri kama shaba. Kijana anakubali tuweke waya wa shaba halisi namba 4 (namba ya unene), mbele hadi nyuma, na fyuzi ya ampea 100 karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikaa mbali, waya ukichubuka njiani ni moto. Kwenye hilo sikubaliani na mteja yeyote. Nikiwa huko mbele naongeza pia waya mnene kutoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi.

Saa 7, wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 8 ndiyo zamu ya kapasita. Inakaa jirani na amplifaya, waya wake usizidi sentimita 45, na imekazwa isitembee. Hasi kwa hasi, chanya kwa chanya. Ukigeuza inaweza kupasuka. Naunganisha hasi kwanza. Upande wa chanya siugusishi moja kwa moja, kwani kapasita tupu inavuta umeme kwa fujo na cheche yake inaunguza kichwa cha waya. Naupitisha kwenye rezista (kizuizi cha kupunguza kasi ya umeme) ya omu 30, nimeishika kwa koleo maana inapata joto. Nusu dakika, mita inasoma karibu 8. Inapanda, inaanza kusuasua, na baada ya dakika mbili na nusu iko 12.5. Natoa rezista, nafunga waya wenyewe, halafu amplifaya.

Saa 10 tunajaribu na wimbo uleule. Kwenye amplifaya sasa volti hazishuki chini ya 12.9. Nilikuwa nimeshapima kabla ya kufunga kapasita nikapata 12.7, kwa hiyo kazi kubwa imefanywa na msasa na shaba. Namwonyesha namba zote mbili, kwa kuwa hela ni yake. Taa zimetulia.

Saa 11 kuna mteja anayetaka kapasita yake kuukuu itolewe. Nachomoa umeme wa betri, kisha naimaliza chaji kwa balbu ya volti 12: inawaka, inafifia, inazima. Ndipo nashika kwa mkono.

Kijana wa IST kabla ya kuondoka anauliza, "Fundi, nikiongeza kapasita ya pili?" Namwambia akipata hela aanze na betri kubwa zaidi, na akitaka sabufa ya pili aje kwanza tuangalie alteneta yake inatoa ampea ngapi.