Kupanda Morningside na Bobi

Mara ya kwanza kumpeleka mbwa wangu Bobi milima ya Uluguru, nusura nimrudishe mabegani. Tulitoka mjini Morogoro saa tatu asubuhi, mimi na chupa moja ya maji kama mtu anayekwenda sokoni. Kufika saa tano, jua limeshika. Bobi akaanza kutweta mbiombio, ulimi nje, ufizi mwekundu, mate mazito kama ute. Akajilaza kivulini, akagoma.

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kutweta, na kutweta kukishindwa, joto linaweza kumuua. Bahati yetu kijito kilikuwa karibu. Nikambeba, nikamlowesha tumbo, mapaja kwa ndani na nyayo, nikawa nampepea kwa kofia. Ya kunywa nikampa kidogo kidogo. Pumzi zilipotulia tukageuza, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani kule Morningside hatukuiona.

Siku hizi saa kumi na mbili asubuhi tuko njiani, na lita tatu za maji, moja ni yake. Mahali pasipo kivuli nagusa ardhi kwa mgongo wa kiganja. Ikiniunguza mimi, itamuunguza na yeye.

Kamba nayo nilifundishwa na mama mmoja aliyekuwa akishuka na beseni la mboga kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mshike mbwa kwanza, mwanangu, salamu baadaye."

Haki yake. Akishtuka pale kwenye mteremko, anakwenda chini yeye na mzigo. Sasa nikiona mtu nasogea pembeni, namkalisha Bobi, nasimama katikati yao. Tena njiani unapishana na Waislamu, na kwa wengi wao mate ya mbwa ni najisi. Sitaki mtu ahangaike kutafuta maji ya kujitwaharisha kwa uzembe wangu.

Mbwa wa kwenye miji ya watu hawana adabu ya wageni. Wakitoka wanabweka, navuta kamba fupi, natembea polepole, namwita mwenye nyumba. Kukimbia ni kuwaalika. Chanjo ya kichaa Bobi anapata kila mwaka, hilo sina mjadala nalo.

Nyumbani kabla ya kuoga namkagua kupe: masikioni, kwapani, kati ya vidole. Nawatoa kwa kibano, nikishika karibu na ngozi na kuvuta moja kwa moja. Jumapili iliyopita alikuwa nao wanne. Wa tano nilikuwa naye mimi, kisogoni.