Machungwa ya Rafu ya Chini

Tangu nilipohamia upande huu wa Dar es Salaam, ambako soko liko mbali na supamaketi iko hatua chache tu kutoka kituo cha daladala, mboga na matunda yangu mengi nayanunua dukani jioni ninapotoka kazini. Zamani nilikuwa nikienda sokoni Jumamosi alfajiri nikiwa nimemfuata shangazi na kikapu. Shangazi hakuwahi kunipa somo lolote. Yeye alinunua, mimi nikabeba. Hata hivyo, yale aliyokuwa akiyafanya kwa vidole na pua ndiyo ninayojaribu kuyafanya sasa mbele ya rafu, ingawa wahudumu hunikazia macho ninaponusa kitako cha nanasi.

Nianze na machungwa, maana hapo ndipo duka lilipoweza kunighilibu mimi niliyekua nikila machungwa ya Muheza, mkoani Tanga, yaliyomenywa kituo cha basi. Machungwa ya nje, yenye rangi iliyokolea na kibandiko, hupangwa usawa wa macho. Ya Tanga, ya kijani na yenye mabaka, hukaa kwenye kreti sakafuni, na kwa miezi kadhaa niliyapita bila hata kuinama. Ganda la chungwa hupoteza ukijani wake pale usiku unapokuwa na baridi, kwa hiyo katika joto letu tunda linaweza kuiva barabara, likajaa maji na utamu, huku ganda likibaki la kijani. (Lugha yetu inasema “rangi ya machungwa” kana kwamba machungwa yetu yana rangi hiyo.) Ninachopima sasa ni uzito: nachukua mawili yanayolingana kwa ukubwa, moja kila mkono, kisha lililo jepesi nalirudisha, kwa kuwa limeanza kukauka ndani.

Kipimo hicho hicho nakitumia kwa ndimu na kwa tikiti maji. Kwenye tikiti naongeza kutazama doa la upande uliolalia ardhi: likiwa la manjano iliyokolea, tunda lilikaa shambani hadi likaiva, likiwa jeupe, lilivunwa mapema. Wanaoligonga na kusikiliza wana sikio ambalo mimi sikujaliwa.

Nanasi nalo lina tabia yake. Halina akiba ya wanga inayoweza kugeuka sukari baada ya kuvunwa, hivyo ukilinunua likiwa chachu na kuliweka jikoni wiki nzima, litalainika na kubadilika rangi, lakini utamu utabaki ule ule liliotoka nao shambani Kiwangwa. Embe, ndizi na parachichi huendelea kuiva nyumbani. Parachichi la aina ya Hass, linalolimwa sana Njombe na Rungwe, hugeuka jeusi linapoiva, ilhali aina nyingine hubaki za kijani, kwa hiyo ni afadhali kulikamata kwa kiganja kizima na kulihisi taratibu. Wanaolibonyeza kwa kidole gumba na kuliacha hapo wananikera, kwa kuwa mnunuzi wa mwisho huondoka na michubuko ya wote waliotangulia.

Kuhusu epo, mwezi uliopita nilinunua manne mekundu yanayong’aa, yamefungwa kwa nailoni. Nilipolikata la kwanza, katikati lilikuwa la kahawia na nyama yake ilikuwa kama unga mkavu. Epo huweza kuhifadhiwa kwa miezi mingi katika vyumba vya baridi vilivyopunguzwa oksijeni, kisha likapakwa nta inayolika. Nta hiyo haina madhara, lakini mng’ao wake haukuelezi umri wa tunda. Kibandiko nacho hakisemi tarehe: namba ya tarakimu 4 ni ya kilimo cha kawaida, na ya tarakimu 5 inayoanza na 9 ni ya kilimo hai.

Mboga za majani ndizo zinazonichukulia muda. Kati ya saladi iliyopauka na fungu la matembele au mchicha wa kijani kilichokolea, nachagua la pili bila kusita, kwa kuwa ndilo lenye madini ya chuma na viini vya vitamini A kwa wingi zaidi. Navunja kikonyo kimoja: kikikatika kwa mlio, mboga ni ya leo, kikipinda tu, imelala, na vitamini C yake imeanza kupungua. Pakiti ya nailoni naigeuza chini juu, kwa sababu majani yaliyooza hujificha kule maji yanakotuama. Matundu ya wadudu, ambayo wengi huyachukulia kama ushahidi kwamba hakuna dawa iliyopuliziwa, mimi siyaamini, kwani mdudu huenda alikula kabla ya bomba kupita. Pia nauliza mboga imetoka wapi. Kwenye bonde la Msimbazi mboga hulimwa karibu na mto unaopokea maji machafu ya jiji, na kuosha huondoa udongo na baadhi ya vijidudu, lakini hakuondoi metali nzito zilizokwisha kupanda kupitia mizizi.

Viazi vilivyoanza kuwa vya kijani kwa kukaa chini ya taa naviacha, kwa kuwa ukijani huo huambatana na sumu iitwayo solanini. Matunda yaliyokwisha kukatwa nawaachia wenye haraka.

Muhudumu mmoja, baada ya kuchoshwa na maswali yangu, alinidokeza kwamba gari la mboga kutoka Lushoto hufika Jumanne na Ijumaa kabla ya saa tatu asubuhi, na kwamba kinachobaki jioni ni kile ambacho wengine wamekwisha kukichambua. Nimemwomba msimamizi wangu kazini aniruhusu kuingia saa nne siku ya Ijumaa.