Nilimpenda kwenye usaili

Kwa miaka mingi niliajiri kwa moyo. Mtu akiingia, tukacheka, tukagundua tunapenda vitu vilevile, basi nilikuwa nimeshaamua. Ndivyo nilivyomwajiri kijana mmoja mchangamfu, kipenzi cha kila mtu pale kwenye uchapishaji. Mwezi wake wa tatu tulitoa nakala 2,000 za kijitabu, ukurasa mmoja ukiwa umejirudia. Aliliona kosa mashine ikiwa bado inachapa, akanyamaza. Aliogopa lawama. Fundi wa kukata karatasi ndiye aliyegundua, jioni, kazi yote imeshatoka.

Uchangamfu wake ulikuwa wa kweli. Mimi ndiye niliyepima kama tunaendana kwenye stori, nikasahau kupima kama tutaendana mambo yakiharibika.

Sasa kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale, na wasaili wawili tunatoa alama kila mtu kivyake kabla ya kujadiliana. Watafiti Frank Schmidt na John Hunter walipochambua tafiti za miaka 85, mwaka 1998, walikuta usaili wenye mpangilio unabashiri utendaji kazi vizuri zaidi kuliko maongezi huru. Naye mtafiti Lauren Rivera, aliyechunguza kampuni za Marekani za sheria, benki na ushauri, alionyesha mwaka 2012 jinsi wasaili wanavyowapendelea wanaofanana nao hata kwa namna ya kutumia muda wa mapumziko. Niliposoma hilo niliumia, maana ni mimi kabisa. Ni wangapi niliowarudisha nyumbani kwa sababu tu hawakunichekesha?

Baada ya maswali, mwombaji anakaa saa moja na fundi atakayefanya naye kazi, wanasahihisha prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, pamoja. Saa hiyo tunailipa. Mimi natoka nje, kwa sababu mbele ya bosi kila mtu ni mpole.

Dada mmoja alikuja, mkimya, majibu yake mafupi mafupi. Fundi akamwonyesha namba ya ukurasa iliyompita. Hakujitetea. Alichukua rula, akaiweka chini ya mstari wa kwanza, akaanza upya, kisha akamwomba fundi naye apitie. Zamani nisingemchukua.

Wiki iliyopita alisimamisha mashine mwenyewe, akaja mlangoni kwangu na karatasi mkononi. "Bosi, rangi nimeikosea."

Zilikuwa zimetoka nakala 40.