Siku Moja Maishani Mwangu: Kilo Nane kwa Milimita

Saa 11:45 alfajiri

Mvua imepiga tangu usiku wa manane. Nikiwa bado kitandani nimeshajua kwamba kichochoro cha kuingia gereji kitakuwa uji. Huu ni mwaka wangu wa 14 Kampala, lakini mimi ni mtoto wa Busia, mpakani, na Kiswahili ndicho kinacholeta nusu ya wateja wangu: Wakenya, Wakongomani, wanajeshi wastaafu. Nusu nyingine tunasikilizana kwa Kiganda changu cha kuchechemea.

Saa 1:20 asubuhi, gereji ya Ndeeba

Vijana wameshafungua. Chai ya maziwa, chapati, Noah moja inavuja maji. Hiyo nawaachia wao.

Saa 2 asubuhi

Subaru Impreza ya 1998 inaingia, ile ya umbo la zamani, rangi ya buluu. Mwenyewe ni kijana wa Goma anayeuza vitenge mjini. Siku za kazi anaiendesha dukani, na Jumapili kukiwa na mashindano anaipeleka uwanja wa mbio wa Busiika, kwenye murram, barabara ya udongo. Ananiita mzee, ingawa nimemzidi miaka tisa tu.

"Mzee, nimepata koilova. Angalia."

Ananipa simu. Ni strati, yaani shokabu na springi kwa pamoja, za kupandisha na kushusha gari, aina ya monotyubu (bomba moja), springi kilo 8 mbele na 6 nyuma. Rafiki yake anazo. Anataka pia stabilaiza nene ya nyuma, ile fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona, na gari lishuke sentimita 5.

Nikamuuliza, "Gari lako lina shida gani sasa hivi?"

"Nikifunga breki kwa nguvu usukani unavuta. Na kwenye kona linalala."

Sikumjibu. Nililipiga jeki, nikaingia chini na mtaimbo. Mkono wa chini wa gurudumu la mbele, upande wa nyuma, una bushi kubwa ya mpira. Niliusukuma kidogo tu, na chuma cha katikati kikasogea kama jino bovu. Mpira ulikuwa umechanika nusu duara. Ukifunga breki, mkono wote unarudi nyuma na tairi linageuza uso bila ruhusa ya dereva. Kwa ugonjwa huo hata koilova ya bei gani haisaidii. Nikamwita na yeye aingie chini. Mteja akiliona jino linavyocheza, mabishano yanapungua.

Halafu nikachana boksi la oili, nikachukua kalamu, nikamwandikia hesabu ninayoipenda kuliko zote.

Kona moja ya mbele ya gari hili, ukitoa uzito wa rimu, tairi na breki, inabeba kama kilo 330. Springi ya kilo 8 maana yake kila milimita inayobonyea inabeba kilo 8. Kwa hiyo gari likisimama, springi imebonyea milimita 41 hivi. Hizo hizo 41 ndizo tairi linaweza kushuka likisukumwa na springi. Shimo likizidi hapo, springi haina tena cha kusukuma, tairi linaelea. Springi ya kilo 5 inakupa milimita 66. Ya kilo 3, karibu na ile iliyotoka nayo kiwandani, inakupa 110.

"Sasa niambie, shimo la hapo nje lina milimita ngapi?"

Akacheka, lakini hakukubali. Alisema Wajapani wanatumia kilo 8 na wanashinda. Ni kweli, kwenye lami iliyonyooka kama meza. Murram ya Busiika ina mawimbi, na tairi lililo hewani halina breki, halina kona, halina chochote.

Saa 4

Boda hadi Kisekka, soko la vipuri. Wanaouza bushi wako wengi, na bushi yenyewe ziko za namna mbili: mpira, na zile ngumu za plastiki nyekundu. Za plastiki zinashika gari vizuri zaidi, ila zinataka grisi yake maalumu, zinapiga kelele, na kila mtikisiko unapanda hadi kwenye kiti. Nikachukua za mpira. Gari la dukani na mashindano halihitaji kuwa jela. Nilizipinda kidoleni moja moja kabla ya kulipa. Mwaka juzi duka moja liliniuzia bushi nzuri za kung'aa, zikapasuka kabla mwezi haujaisha, na mteja akanidai mimi.

Saa 6 mchana

Roleksi mbili, zile chapati za kuviringia mayai, nimesimama. Kijana wangu anatoa bushi kuukuu kwenye presi.

Saa 7:30

Hapa ndipo mafundi wengi tunapoharibu, na mimi niliharibu miaka mingi bila kujua. Bushi ya mpira imegandishwa na chuma chake. Haizunguki, inajipinda tu. Ukikaza boliti gari likiwa juu ya jeki na matairi yananing'inia, unaufunga mpira katika hali hiyo. Ukilishusha, mpira unajipinda siku nzima hata gari likiwa limeegeshwa, na unachanika mapema. Unabana kwa mkono, unashusha gari likanyage kwa matairi yake, unalitikisa likae, ndipo unakaza kwa spana ya kipimo. Kila nati niliyokaza naichora mstari mweupe. Kijana wangu ananicheka kwamba mimi ni mchoraji.

Wakati huo mteja yuko kwenye simu na rafiki yake mwenye kilo 8, wanabishana kwa Kiswahili cha Goma kwa sauti ya soko.

Saa 9:40

Alaimenti. Tumerekebisha to tu, yaani matairi yanavyoelekeana kwa mbele. Kemba, yaani tairi linavyoinama ndani au nje, itasubiri strati mpya, na hapo nitampa digrii moja na nusu hasi mbele. Akizidisha, matairi yataliwa upande wa ndani akipeleka vitenge.

Saa 10:30 jioni

Tukatokea Busega, tukashika ekspresi ya Entebbe, ile ya kulipia tozo. Ile barabara tangu ifunguliwe 2018 ndiyo sehemu nzuri ya kusikiliza gari, maana lami imetulia. Kwa kasi ya 100 nikamwambia afunge breki. Usukani ukakaa katikati. Akafunga tena. Mara ya tatu alikuwa anafurahia tu.

Kwenye kona bado linalala, sikatai. Shokabu zimechoka, ukibonyeza bodi ya mbele inayumba mara tatu ndipo itulie. Strati anahitaji. Swali ni zipi. Nilimshauri achukue twintyubu, kilo 5 mbele na 4 nyuma. Monotyubu inapoa vizuri kwenye mbio ndefu, lakini pistoni yake inateleza kwenye bomba lile lile la nje. Jiwe moja la murram likilibonyeza, pistoni inakwama. Twintyubu ina bomba ndani ya bomba, inavumilia mkwaruzo. Stabilaiza nene nayo isubiri. Inaunganisha kulia na kushoto, kwa hiyo tairi moja likipiga tuta, la pili linapata habari.

Saa 1 usiku

Gereji imefungwa, tumebaki wawili nje ya mlango. Amekubali kilo 5. Stabilaiza ameiacha. Lakini sentimita 5 za kushusha hakutaka kuziachia, anasema gari likiwa juu linafanana na la mchungaji.

Nikarudi kwenye boksi la oili, nikamchorea mkono wa chini. Leo unakaribia kulala sawa. Ukishusha gari sana, unainama juu kuelekea gurudumu, na ile nukta ambayo bodi inapinduka juu yake inazama chini kuliko uzito wenyewe unavyoshuka. Gari linaonekana la mbio, na kwenye kona linataka kulala zaidi ya zamani.

"Moja na nusu," nikasema.

"Tatu na nusu, mzee."

Tukapeana mkono kwenye mbili na nusu.