Kwenda Turku na Kurudi

Tangu habari ienee mtaani kwamba nitasoma muhula mmoja Turku, Ufini, watu wananiaga kama mtu anayehama. Shangazi alipiga simu kutoka Pangani akilia. Jirani alimwambia mama aanze kutafuta wa kumsaidia dukani, maana "huyo akishapanda ndege ndiyo basi." Nawaelewa. Wapo ndugu zetu waliokwenda majuu, mpaka leo tunawaona kwenye simu tu. Lakini mimi naondoka Agosti, Januari narudi, na karibu kila ninachoandaa ni cha kurudi.

Nakwenda kwa mpango wa Erasmus, wa vyuo kubadilishana wanafunzi. Ulianza 1987 kwa vyuo vya Ulaya vyenyewe kwa vyenyewe, baadaye ukafika hadi huku kwetu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndani yake kuna mkataba wa masomo wenye saini tatu: yangu, ya chuo changu na ya chuo kinachonipokea. Unaeleza kozi nitakazosoma kule na zitakavyohesabiwa hapa. Huo ndio ulioninyima usingizi kuliko kibali cha ukaazi. Uzito wa kozi hupimwa kwa krediti. Mwaka wa masomo Ulaya una krediti 60, kwetu 120, kwa hiyo ungedhani unazidisha kwa mbili yanaisha. Kumbe krediti yao moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, yetu saa 10, na ukienda kwa saa hesabu inagoma. Tulikaa na mratibu wa idara, Mungu ambariki kwa subira yake, tukalinganisha kozi kwa kozi, mada kwa mada. Kozi isipotambuliwa nitaisoma upya huku wenzangu wanavaa majoho.

Pasipoti nayo ilitaka cheti cha kuzaliwa cha mzazi. Baba alizaliwa nyumbani, cheti hana, ikabidi aape kwa wakili. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Kabla ya kusaini alikisoma kiapo chote kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari: kijiji, mwaka, jina la mama yake. Jina lile kamili sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

Koti zito tumeshanunua sokoni Karume, kwenye mitumba. Mama ndiye aliyelichagua, akapandisha na kushusha zipu mpaka muuzaji akachoka. Giza la Desemba, ambapo jua la Turku hukaa saa zisizofika sita, hilo halina koti.

Ninachokifuata ni hiki. Kule Turku ardhi bado inainuka taratibu kutoka baharini, tangu barafu nzito ya zama za kale iyeyuke na kuiondolea mzigo. Pwani yetu mambo ni kinyume. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na kasa wakitaga. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa halionekani. Wazee wanasimulia, ila nataka kuona mwaka kwa mwaka ufuo ulivyosogea. Wafini wamezoea kupima visiwa vyao, nami nataka kujifunza kwao. Picha za setelaiti za Maziwe, za miaka ya nyuma, nimeshazipakua kwenye kompyuta. Nitakwenda nazo, na nikirudi ndizo zitakuwa utafiti wangu wa mwaka wa tatu.