Hamjapita njia hii bado

Wiki hii rafiki yangu niliyesoma nae chuo kanipigia simu, amepangiwa kituo cha kazi Ruvuma na yeye kwao Mara, analia kabisa ananiuliza hivi wewe mwenzangu uliwezaje kwenda Kigoma peke yako bila kumjua mtu. Nilimjibu kwa haraka haraka maana salio lilikuwa linaishia na yeye alikuwa analia, nikamwambia Mungu yupo. Ni kweli yupo, ila jibu lenyewe ni refu kuliko hapo ndo maana nimekaa leo niandike.

Mimi ni mtoto wa Muheza, Tanga. Nilimaliza chuo cha ualimu 2017 halafu nikakaa nyumbani miaka sita nasubiri ajira. Wanaojua wanajua. Unaomba, majina yanatoka haupo, unaomba tena, haupo, watu uliosoma nao wameshaolewa wengine wameacha kabisa kusema wao ni walimu, mimi nilikuwa nafundisha tuisheni watoto wa jirani jioni na asubuhi naenda na mama sokoni kuuza machungwa.

Kilichonibeba miaka ile yote ni sauti ya baba. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, hakusoma sana, na kila siku saa kumi na moja alfajiri alikuwa anaamka anapiga magoti sebuleni anaomba kwa sauti, anatutaja watoto wake mmoja mmoja kwa jina kuanzia mkubwa. Nyumba yetu haina dari kwahiyo sauti inapita juu ya ukuta inaingia vyumba vyote. Mimi ni wa nne. Nilikuwa naamka nasubiri ifike zamu yangu, nikisikia jina langu nalala tena kidogo. Miaka sita ile sikuwahi kulala njaa ya moyo kwa sababu nilijua kabla jua halijatoka kuna mtu ameshanitaja mbele za Mungu.

Baba alifariki mwezi wa pili 2023. Mwezi wa sita majina yakatoka na jina langu lipo, mkoa wa Kigoma.

Watu walifurahi jamani, kanisani wakanisimamisha mbele wakasema mwenzetu anaingia msimu mpya, makofi, vigelegele, na mimi nimesimama pale natabasamu huku moyoni nasema Mungu ungemwacha miezi minne tu aone. Nilikuwa na hasira, sitaki kuficha. Siku hizi tukisema msimu mpya tunamaanisha gari, kiwanja, ndoa, cheo, na sipingani na hivyo vitu, ila ukifungua kitabu cha Yoshua msimu mpya unaanza na msiba. Mstari wa pili tu Mungu anamwambia Yoshua, "Musa mtumishi wangu amekufa; haya basi, ondoka, vuka mto huu wa Yordani." Ni sentensi moja hiyo. Aliyekuwa anaongea na Mungu kwa niaba yenu hayupo, na safari iko pale pale. Kumbukumbu la Torati 34 inasema Waisraeli walimlilia Musa siku 30 pale Moabu, maana yake Mungu aliwaacha walie kwanza, hakuwakemea, lakini hakusema pia kwamba kwa kuwa Musa hayupo basi tuahirishe.

Nikafunga mizigo. Godoro, ndoo mbili, sufuria, vyeti kwenye bahasha, na mama akanipakilia kiroba cha nazi, nazi 12, kwa sababu sisi watu wa Tanga bila nazi hatujala. Nikaenda Dar nikapanda treni ya kawaida, mwaka huo SGR ilikuwa bado haijaanza kubeba abiria. Kutoka Dar mpaka Kigoma ni karibu kilomita 1,250, reli waliyoijenga Wajerumani ikafika Kigoma 1914, na ukikaa daraja la tatu zaidi ya siku nzima na usiku wake na kesho yake tena unazielewa hizo kilomita kwa mgongo. Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora. Kila stesheni wanapanda watu wanashuka watu, na lugha inabadilika, Kiswahili kinaanza kuwa na ladha nyingine, mpaka tumefika Urambo na Kaliua nikagundua kwenye behewa lile hakuna hata mtu mmoja anayeongea kama watu wa kwetu.

Tulipopita Nguruka mama mmoja aliyekaa mbele yangu akasema tunakaribia kuvuka Malagarasi. Nikaangalia dirishani maji mengi yametulia na majani, nikakumbuka Yordani, nikatoa Biblia nikasoma Yoshua 3 yote treni ikiwa inatikisika. Sura hiyo nimeisikia toka Sunday school lakini kuna maneno mstari wa nne sikuwahi kuyaona. Waisraeli wanaambiwa wakae mbali na sanduku la agano, lile lililobebwa na makuhani mbele yao kama alama ya uwepo wa Mungu, kama dhiraa elfu mbili, yaani karibu kilomita moja hivi, wasilisogelee, ili waijue njia ya kuiendea, "kwa maana hamjapita njia hii bado."

Hamjapita njia hii bado. Mungu analijua hilo! Hajifanyi kama vile ni njia ya kawaida, hawaambii acheni kuogopa mbona ni jambo dogo, anakubali kabisa kwamba hii njia ninyi ni wageni nayo, na ndo maana anatangulia. Tena nafasi ile kubwa aliyoacha kati yao na sanduku ni ili watu wote waweze kuona linakoelekea, maana kama wote wangelisogelea, wa nyuma wangeona migongo ya wenzao tu. Mimi nilikuwa naona nafasi kati yangu na Mungu kipindi kile nikadhani amekaa mbali kwa kuwa kanichoka.

Kijiji nilichopangiwa ni lisaa na nusu kwa bodaboda kutoka stesheni, vumbi jekundu, mwezi wa saba hakuna hata tone la mvua. Wakanipa chumba na sebule karibu na shule. Usiku wa kwanza nililala vizuri kwa uchovu. Alfajiri nikaamka mwenyewe saa kumi na moja, kama kawaida, nikatulia kitandani kusikiliza.

Kimya.

Najua ni ujinga kusubiri sauti ya mtu uliyemzika, lakini mwili ulishazoea. Nililia mpaka nikachelewa kuripoti kwa mwalimu mkuu. Kuanzia siku hiyo nikaanza kuilazimisha ile alfajiri ya Muheza irudi. Nikapiga magoti kama baba, nikaomba kwa sauti kama baba, nikijitaja mwenyewe kwa jina, haikuwa sawa. Nikawa nampigia mama tuombe wote kwa simu, neti ya pale ukitoka nje ukasimama juu ya kichuguu inashika ukirudi ndani inakata, mama anasema haloo haloo tu. Nikasikiliza mahubiri niliyodanlodi mpaka simu ikazima. Sikusikia kitu. Hata msisimko ule wa kanisani kwetu kwaya ikiimba, hakuna. Nikaanza kuamini uwepo wa Mungu niliuacha Muheza pamoja na kaburi la baba.

Na nazi zikawa zinapungua. Nilikuwa nazitumia kwa akili, moja kwa siku mbili, naikuna usiku peke yangu na lile harufu nakuwa nyumbani kabisa dakika kumi. Mshahara wa kwanza unasubiri kwanza uingizwe kwenye mfumo upate cheki namba, ile namba ya mtumishi ya kulipiwa mshahara, kwahiyo hela ilikuwa ya kuhesabu. Wiki ya nne nazi ya mwisho nikaipasua nikakuta imeoza. Nilikaa chini jikoni nikailia ile nazi, na sikuwa nalilia nazi.

Jioni hiyo hiyo, mnisikilize, jioni hiyo hiyo jirani yangu bibi mmoja mtu mzima sana akaja mlangoni. Waha, wenyeji wa Kigoma, wanasalimia kwa kupiga makofi taratibu na salamu haiishi haraka, unaulizwa kila kitu. Nikamwambia shikamoo bibi, akaitikia, akasema mwalimu mbona jiko lako leo halitoi moshi. Alikuwa kabeba bakuli la maharage yameungwa na mawese na ugali wa muhogo. Mawese nilikuwa siyawezi kabisa toka nifike, harufu yake ilikuwa inanishinda, na siku zote akiniletea nilikuwa napokea kwa heshima nampa mtoto wa jirani. Siku hiyo sikuwa na kitu kingine, nikala. Nikamaliza bakuli lote.

Usiku nikafungua Yoshua nikaendelea nilipoishia, nikafika sura ya 5 mstari wa 12. Wamevuka, wamekula mazao ya nchi, na kesho yake mana ikakoma, kile chakula Mungu alichokuwa anawashushia jangwani. Miaka 40 kila asubuhi mana ipo isipokuwa sabato, kuna watu pale walizaliwa jangwani hawajui chakula kingine kabisa, halafu siku moja wanatoka nje ya hema chini hakuna kitu. Nikajiuliza ile asubuhi kuna mtu hakulia kweli? Si lazima kuna mama alisimama pale na chombo chake akasema Mungu katuacha? Na Mungu alikuwa karibu nao vile vile, ila riziki sasa ilikuwa imesimama shambani. Hata ile nguzo ya wingu iliyowaongoza jangwani, soma safari ya kuvuka Yordani, haitajwi, linatajwa sanduku. Ni Mungu yule yule ila alama wanayoifuata imebadilika.

Mimi nilikuwa natoka nje kila alfajiri natafuta mana. Sauti ya baba ilikuwa mana yangu, na ilikuwa ya Mungu kweli, sitaki mtu aje aniambie nilikuwa namtegemea mwanadamu, hapana, Mungu ndo alinilisha kwa ile sauti miaka yote. Ila nilikuwa nimefika mahali ambapo chakula kipo kwenye bakuli la jirani na mimi nampa mtoto ale.

Nikaanza kukaa na bibi jioni. Yeye ni Muislamu, anaswali swala zake tano, mimi nina Biblia yangu, hakuna aliyembadilisha mwenzake. Alinifundisha kuunga mawese, unayachemsha kwanza harufu inakata, kitunguu mwishoni. Alinifundisha Kiha kidogo na hapo ndo darasani mambo yakafunguka, maana nilipewa darasa la kwanza watoto 112 na wengi wao nyumbani hawaongei Kiswahili, nilikuwa nasema kaeni chini wanabaki wananitazama. Siku nilipoingia nikawaambia mwakeye, salamu yao ya Kiha, darasa zima liliitikia kwa kelele mpaka mwalimu wa pili akaja kuchungulia.

Halafu ikaja siku, ilikuwa mwezi wa kumi mvua zimeanza, nilikuwa na malaria nimelala siku mbili. Bibi kaja kaniletea uji, kakaa pembeni ya godoro, nikamwambia bibi asante, mimi hapa sina mtu. Akanikatisha. Akasema "Usiseme huna mtu mwanangu. Mimi nikiamka alfajiri kuswali nakutaja kwa jina, toka ulipofika. Nasema huyu mtoto wa watu yuko mbali na kwao."

Toka nilipofika. Maana yake alfajiri ile ya kwanza niliyoamka nikasikiliza nikasema kimya, ukuta wa pili kuna mtu alikuwa ameamka saa ile ile ananitaja. Sikumsikia tu. Nyumba za huku zina dari.

Nililia na homa yangu, bibi akadhani nimezidiwa akataka kuita bodaboda.

Kuna kitu kingine kwenye Yoshua 3 ambacho baada ya hapo ndo nikakielewa. Maji ya Yordani yalisimama wapi? Mimi siku zote nilikuwa naona picha ya ukuta wa maji hapo hapo pembeni yao. Mstari wa 16 unasema yalisimama mbali sana, kwenye mji unaitwa Adamu. Wao wako mkabala na Yeriko na ulikuwa wakati wa mavuno, mto umefurika mpaka kingo zote, makuhani wanaambiwa wakanyage maji. Kwa macho yao walichoona ni maji yanapungua, ila kazi yenyewe ilikuwa inafanyika juu huko mtoni ambako hakuna aliyekuwa anaona. Rafiki yangu wa Ruvuma kama unasoma hapa, wewe bado unaangalia maji ya mbele yako na yamefurika kweli, sikatai, na mimi siwezi kukwambia yatasimama saa ngapi. Lakini sasa hivi unavyolia kuna mlango Ruvuma kuna mtu yuko ndani yake anapika hajui kama unakuja.

Na sitaki nikudanganye kwamba huzuni inaisha. Baba namkumbuka kila siku, na kuna alfajiri bado naamka nasikiliza. Kuna Jumapili nakaa kanisani sisikii chochote naondoka. Ila nimeacha kumpima Mungu kwa kuangalia kama anakuja vile alivyokuwa anakuja Muheza.

Na ukifunga mizigo beba tu hizo nazi, au chochote cha kwenu, usione aibu, zitakusukuma wiki za mwanzo. Jirani akikuletea bakuli la kitu usichokijua, pokea ukale.

Mama anakuja mwezi wa 12, mara ya kwanza maisha yake kupanda treni. Nimemwambia akate daraja la kulala asiumie mgongo, na asilale wakivuka Malagarasi. Ananiuliza nibebe nazi ngapi, nikamwambia beba mbili tu za bibi, anataka kuonja. Bibi nae kashasema siku hiyo anakwenda na mimi stesheni, amenunua kitenge kipya, na kila jioni ananiuliza jina la mama yangu nilirudie tena asije akalikosea.